Chungu cha Bibi kwenye Albamu

Jumatatu, 3 Juni

Mazoezi tena. Gereji ya mjomba wake Deo, baada ya magari kutolewa nje. Vidole vina grisi, nyuzi za gitaa zinateleza. Deo anapiga ngoma kama ananyoosha bodi ya lori. Ndiyo sauti tunayoitaka. Rehema kachelewa, besi begani, kitenge cha kwaya bado kiunoni. Nikamfokea. Akanifokea. Tukaanza.

Ile albamu ya kwanza waliisikiliza washikaji na mbwa wa jirani. Hii nataka isikike. Kuna jamaa wa Arusha atakayeitoa, anaitaka mwisho wa mwezi. Umebaki wimbo mmoja. Ni wangu. Unamhusu baba.

Jumatano, 5 Juni

Machame. Baridi. Nimekata majani ya ng'ombe, nimekamua, nimepeleka maziwa. Ndiyo kazi yangu tangu nimalize shule, na kahawa juu yake. Muziki ni wa mabaki ya siku.

Kaka yangu Elia yuko Dar. Anakuja Krismasi, anakula mbuzi, anapiga picha na mgomba, huyo. Na kihamba chetu, shamba la ukoo, chote kapewa yeye. Baba alitangaza Pasaka mbele ya ukoo: nyumba, migomba, kahawa, vyote vya Elia. Nikauliza, na mimi? Akasema, "Wewe ni wa kuondoka." Watu wakacheka. Nina miaka thelathini na mbili, sina mume, simtafuti. Niondoke niende wapi?

Maneno yake hayo ndiyo kiitikio. Nimeyaweka kama alivyoyasema. Na jina lake nimeliweka. Aminieli. Nifiche kwa nini?

Jumamosi, 8 Juni

Tumerekodi! Siyo gereji. Hapa hapa nyumbani, katikati ya migomba. Baba na mama walikwenda harusini Masama. Nilitaka wimbo uimbwe juu ya ardhi yenyewe.

Deo hakuweza kupanda mlimani na ngoma zote. Akataka kitu cha kugonga. Nikapanda darini kwenye kahawa, nikamshushia chungu kikuukuu cha bibi mzaa baba, cheusi kwa moshi. Hakuna anayepikia humo siku hizi. Deo akakigonga kwa spana. Jamani! Sauti ile inaingia mifupani. Kila akigonga, mimi nalitaja jina la baba. Aminieli. Gonga. Aminieli. Gonga. Nilipiga kelele mpaka koo likawaka. Ng'ombe aliacha kula.

Hatukurudia. Rehema kafunga besi yake haraka, eti anasikia baridi. Shauri yake. Mimi sijafurahi hivi tangu Pasaka.

Alhamisi, 13 Juni

Deo kaweka kipande cha video kwenye stetasi. Watu wanatumiana. Jamaa wa Arusha kapiga simu mwenyewe. Anasema wimbo huo ndio utangulie, bila huo albamu haina meno. Nimewanunulia chipsi kuku gereji nzima.

Jumapili, 16 Juni

Baba alikwenda kilabu cha pombe ya mbege baada ya ibada. Akarudi mapema mno. Shikamoo, baba. Akanipita. Nikampelekea machalari, ndizi za nyama, akaisukuma sahani, akamwita mama ampakulie upya kwa mkono wake.

Nikajua wamemwonyesha ile video. Vizuri, nikasema moyoni. Mkuki kwa nguruwe. Na yeye auonje.

Kisha mama akanifuata zizini. Hakufoka. Afadhali angefoka. Akauliza, "Aika, kile chungu ulikishusha wewe?" Nikasema ndiyo. Akakaa juu ya ndoo. Akanieleza taratibu, kama mtu anayeogopa kusikiwa. Zamani mtu akidhulumiwa alikigonga chungu cha namna ile ndani ya kihamba, huku anamtaja mbaya wake kwa jina. Ndivyo walivyoapizana. Bibi alikiweka darini ili kisipigwe tena. "Umemwapiza baba yako, mwanangu. Na umewatumia watu wasikilize."

Sikujua. Haki ya Mungu sikujua. Nilitaka kelele tu.

Jumanne, 18 Juni

Rehema alijua. Kwao Kibosho bibi yake aliwahi kumsimulia. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza siku ile. "Nilidhani unafanya makusudi." Hiyo ndiyo iliyoniuma. Kwamba alinidhania hivyo, na bado akapiga besi.

Sasa hapigi tena mpaka wimbo ufutwe. Deo anacheka. Kwao Chekereni, watu wa mpunga, chungu ni chungu. Anasema akili zetu za mlimani zimeganda. Rehema akamrushia kopo la grisi. Mazoezi yamekufa.

Jumatatu, 24 Juni

Baba kaanguka. Alikuwa anapogolea kahawa, tukamkuta kakaa chini, mdomo umekwenda upande. Daktari mjini kasema presha. Wazee wa ukoo wamesema siyo presha.

Sisi Walutheri, hatuamini mambo hayo. Mzee wa kanisa kaniambia hivyo hivyo, "hatuamini," kisha akavuka njia asinipe mkono. Elia kapiga simu kutoka Dar kunitukana. Nikamwambia aje amnyweshe uji mzee kwenye kihamba chake. Nikakata.

Naogopa. Nimeandika, basi. Naogopa kwamba ni presha na naogopa kwamba siyo.

Jumatano, 26 Juni

Baba yuko nyumbani. Anatembea na fimbo. Kula kutoka kwangu bado hali.

Mama anataka nipeleke isale. Jani lile refu linalopandwa mipakani. Ukimpelekea mtu uliyemkosea, hawezi kukataa kukusamehe, hata angekuwa na moyo wa jiwe. Na wimbo niufute.

Nimewaka. Aliyenikosea ni yeye! Kaninyima mbele za watu, wakacheka, na jani nipeleke mimi? Nilikwenda nikapasua kuni mpaka mpini ukalegea. Jamaa wa Arusha naye katuma ujumbe: wimbo ule ukiondolewa, na yeye anajiondoa.

Ijumaa, 28 Juni

Gereji. Nikamwambia Deo atoe chungu. Atoe na jina. Maneno ya baba yabaki, aliyasema mwenyewe, simwapizi mtu kwa kurudia alichosema. Deo akatukana, akafanya. Tukasikiliza. Pale palipokuwa na jina hakuna kitu, pumzi yangu tu. "Umeutoa roho," akasema. Ni kweli. Nililia mbele yao wote, na mafundi wawili waliokuwa chini ya gari.

Rehema alikuja jioni. Akaupiga upya mstari wake wa besi bila kuombwa. Tumemtumia jamaa wa Arusha hivyo hivyo. Hajajibu.

Jumapili, 30 Juni

Nimechuma isale mpakani, asubuhi, kabla ya kengele ya kanisa. Nikalifunga fundo kama mama alivyonionyesha. Baba alikuwa kakaa mlangoni na koti lake. Nikapiga magoti. Nikasema, baba, nimekukosea kwa chungu. Kwa maneno sikukukosea.

Akalitazama lile fundo. Kisha akalichukua. Akasema yameisha. Akaomba chai, nikamletea, akanywa kutoka mkononi mwangu.

Baadaye akasema nimsindikize. Tukaenda polepole kati ya migomba hadi kwenye kaburi la bibi. Akaonyesha kwa fimbo nafasi iliyo kando yake, iliyopaliliwa. "Hapa ni pako. Nimeshamwambia Elia. Hakuna atakayekutoa."

Nikasema asante, baba. Nikamuuliza, na kabla ya kuzikwa?

Akaitazama migomba. Akasema ukungu unashuka, twende. Mkono wake umekuwa mwepesi. Nikamshika, nikamrudisha ndani ya nyumba ya Elia.