Viatu Vyeupe vya Feruzi

Kisangani, Februari 1965

Yaya Zaina, dada yangu mukubwa,

Salamu kwako na watoto kule Yanonge. Sisi tuko wazima. Mama anakohoa kidogo, lakini pondu, yale majani ya muhogo, anakula. Soko imefunguliwa tena na Wagenia wameanza kuleta samaki.

Uliniuliza namna gani bwana yako Feruzi, mutu wa mbio kuliko wote mutaani, alikamatwa na hajarudi, na mimi nikapona. Nilikujibu kwamba ni mapenzi ya Mungu. Nilikudanganya.

Ile Ijumaa askari walipokuja kukamata wanaume, tulikuwa musikitini. Risasi zilipolia, wengi waliruka madirisha, miguu mitupu. Mimi nilitokea mulangoni, kwenye viatu. Sapatu zangu zilikuwa palepale mbele yangu. Pembeni kulikuwa vile viatu vyeupe vya kukimbia, Feruzi alivyonunua kwa mashindano ya sikukuu ya uhuru. Niliangalia sapatu, nikaangalia viatu. Nikakaa chini, nikavivaa.

Nilipogeuka nikiwa mbali, nilimuona Feruzi ameinama mulangoni, anavitafuta. Kisha akakimbia hivyo hivyo. Chupa ikamukata mguu, askari wakamufikia kwenye kona ya soko.

Mwenye mutumbwi atakuletea viatu hivyo. Nimevisafisha, donc utaviona kama vipya.

Usinifariji kwa kuniandikia kwamba ilikuwa woga, yaya. Mutu mwenye woga hakai chini kufunga kamba.

Mudogo wako,
Amuri