Kumi Zile za Kisimani

Kwako mume wangu mdogo, mjukuu wa kwanza,

Hivi miguu yako imekatika, au njia ya kuja kwangu imeota miiba? Tangu mvua zianze sijaona hata kivuli chako. Unatuma salamu, kana kwamba salamu zinaweza kukaa kitini zikala. Haya, hujambo? Kifua kimepona? Mkeo hajambo? Unakula, au bado unakunywa chai na kusema umeshiba? Mimi mwili haujambo, ila moyo umekataa kutulia. Ndiyo maana nimemtoa shangazi yako kwenye cherehani aniandikie. Nimemwonya asiyapambe maneno yangu, na kila mstari ananisomea.

Ni ile picha yako ya maji. Ulipopima maji ya mtaa wetu huko maabara, ulitutumia picha yenye minara miwili ya kuonyesha vijidudu, mmoja wa bomba la shule, mwingine wa kisima cha nyuma ya gereji. Niliringa nayo kama aliyeshinda kesi. Shangazi yako akaichapisha, tukaibandika ukutani pale kisimani, na hakupita mtu nisimwambie imechorwa na nani.

Basi watu wakazisoma zile alama za pembeni. Chini kumi, juu yake kumi, juu tena kumi, na kila kumi ina kitarakimu begani kama nzi aliyetua. Fundi wa gereji, unamjua alivyo mjuaji, akasema hivyo vidogo ni namba za kurasa. Shule kumi, kisima kumi, maji ni yale yale, na shuleni kuna foleni. Alipoulizwa mbona mnara wa kisima ni mrefu, akajibu kwamba kisima chenyewe ni kirefu. Tukaona ana akili! Nami nikacheka, nikasema vidole vyangu ni kumi na sijawahi kuviogopa.

Haukupita muda, matumbo ya kuhara yakaanza. Wapangaji wa nyumba ya bluu, kisha muuza mkaa, kisha mapacha wa jirani yetu. Muuguzi wa zahanati akaja kukiangalia kisima, akasimama mbele ya picha yako mkono mdomoni. Akauliza nani alitusomea. Fundi akakumbuka ana tairi la kuziba.

Muuguzi akatueleza kwamba kile kidogo begani ndicho chenye neno, maana kinahesabu sifuri. Kumi yenye moja ni kumi tupu. Kumi yenye nne, ya kisima chetu, ni elfu kumi. Ukipanda alama moja umezidisha mara kumi. Kumbe tulikuwa tukilinganisha kikombe na pipa!

Tangu hapo nasimama kisimani nikiwaambia watu wachemshe. Wananijibu, bibi, picha ya mjukuu wako inasema kumi. Nikaichana. Fundi alikuwa nayo kwenye simu, akabandika nyingine kubwa zaidi, akasema uzee umenisahaulisha sifa za mjukuu wangu. Na ndoo zinaendelea kujaa, mwanangu.

Shangazi yako anasema kompyuta huziweka alama hizo yenyewe usipoiagiza vingine, na wakubwa wako wamezizoea. Wakubwa wako hawachoti maji hapa. Si uliniambia haina kichwa, inafuata unachoiandikia? Basi iandikie. Penye kumi yenye nne iweke ELFU KUMI, kwa maneno. Maji yanapoanza kuwa hatari ipige mstari mwekundu, iseme CHEMSHA.

Sasa lipo ambalo hata shangazi yako analisikia leo, na kalamu imemsimama mkononi. Andika, wewe. Mama wa mapacha alikuwa akichemsha maji siku zote. Mimi ndiye niliyeingia jikoni kwake nikaipua sufuria kwa mkono wangu, nikamwambia anateketeza mkaa kwa ajili ya vijidudu kumi, na mjukuu wangu ndiye anayejua. Akaniamini, kwa kuwa ananiita mama. Leo pacha mdogo yuko wodini, macho yameingia ndani, dripu mkononi. Nampelekea mama yake uji, naye ananishika mkono ananishukuru. Shukrani ile ni shubiri. Kila nikifungua mdomo, unajifunga. Kifo sikiogopi. Naogopa uso wake.

Nisalimie mkeo, mwambie akufulie lile shati la kola, utalihitaji. Shangazi yako anakusalimu, analia, usimjali.

Na ukija, uje kesho, usianzie kwangu. Anzia kisimani, bandua ile, bandika mpya. Kisha njoo unichukue twende wodini. Mimi nitasema, wewe nyamaza, ila unishike mkono hadi nimalize.

Mkeo mkubwa,
Bibi