Leza Haisomi Poda

Nzilani, usicheke kabla nimalize. Natoka kliniki sasa hivi. Nilienda kutolewa hizi ndevu za kidevu na leza.

Kwa fomu wakauliza rangi ya ngozi. Nikajaza "maji ya kunde." Mimi!

Si nimejiita hivyo tangu kwaya ya Kilungu mwaka wa themanini na saba, tukipakana ile poda yako?

Nesi, kasichana fulani Wanjiro, akawasha mashine. Akasita. Akachukua pamba, akanipangusa kidevu. Maji ya kunde yote yakabaki kwa pamba.

"Mama," akasema, "moto wa leza unafuata weusi. Ningeweka nguvu ya maji ya kunde, ungeungua. Hii mashine haisomi poda."

Haisomi poda, Nzilani! Na mlango ulikuwa wazi, foleni yote inasikia!

Akafuta nilichojaza. Nikamuuliza ataandika rangi gani. Akakunja sikio langu, akachungulia nyuma, akaandika "nyeusi."

"Huku hukuwa unafika," akasema.

Miaka yote hiyo ya kwaya nimeimba na masikio ya mtu mwingine, na hakuna aliyeniambia.

Na wewe ndiye ulikuwa unasimama nyuma yangu.