Ngumi Mbili Mezani

Chumba kile kile cha juu,
Nyuma ya karakana ya viti,
14 Juni

Mpendwa mwanangu Kidomo,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Kifua kinaendeleaje na hiyo baridi? Mimi shangazi yako ni mzima, magoti tu ndiyo yananikumbusha umri. Masikio ni yale yale, yaani hayapo, na wala sijayatafuta. Baba yako amepona jino na amerudi kugombana na redio.

Sasa kaa vizuri, maana nimekasirika, na niliyemkasirikia ni wewe.

Ile video uliyopiga karakanani ulipokuja likizo imefika hadi kwa watu nisiowajua. Inamwonyesha msimamizi wetu, Msasa, akipiga meza ngumi mbili mbele yangu, nami nageuka haraka. Chini yake umeandika: "Hivi ndivyo wanavyomnyanyasa shangazi yangu kiziwi." Mwanangu, kwa nini hukuniuliza? Ulikuwa umekaa hatua tatu tu kutoka kwangu, na daftari langu la kuongelea lilikuwa hapo hapo na kalamu yake.

Zile ngumi nilizitunga mimi! Zamani walikuwa wakinigusa bega, na siku moja nikaruka na patasi mkononi, ndipo nikapata lile kovu la kidole gumba ulilokuwa ukilichezea utotoni. Nikawaambia pigeni meza, nitasikia kwa viwiko. Mbili, nigeuke. Tatu, nisijitikise, mbao zinapita nyuma yangu. Msasa alijifunza kabla ya wote. Ana mdomo mchafu yule, na mimi ndiye pekee ninayesalimika nao kwa sababu siusikii.

Basi amesimamishwa kazi. Huko mitandaoni wengine wananililia, wengine wanasema viziwi tumezidi kudekezwa, wanatukanana wao kwa wao kwa kutumia sura yangu. Hakuna hata mmoja aliyeniandikia mstari kuuliza. Nilikwenda ofisini nikaandika kwenye daftari: sikuonewa. Yule bibi wa malalamiko akajibu chini yake, kwa herufi kubwa utadhani na macho yangu yamekufa: "Tunaelewa, mama, unaogopa." Nilitamani kumrushia daftari lenyewe. Nina miaka hamsini na miwili, fundi wa viti, leo naambiwa sijui nilivyotendewa.

Ungetaka dhuluma ningekuonyesha. Mwaka wa tatu huu naomba taa nyekundu juu ya msumeno wa mashine, iwake kila unapowashwa. Nimeandika barua nne, kwa ofisi ile ile, na hakuna aliyenililia. Zote nne Msasa alitia sahihi chini ya yangu.

Na sasa wamebandika tangazo: ni marufuku kumpigia mfanyakazi meza. Juzi mkokoteni wa mbao ulipita nyuma yangu bila onyo, ubao ukanichuna mgongo. Fundi wetu wa rangi alikuwa amesimama pale pale, mikono mifukoni, machozi yanamlengalenga. Aliniandikia baadaye kwamba aliogopa kupigwa video na simu ya mtu.

Kikao cha Msasa ni tarehe thelathini. Kabla ya siku hiyo andika kwa jina lako, pale pale ulipoandika mwanzo, kwamba hukuuliza. Ofisini nako upeleke maandishi hayo hayo. Usiseme shangazi amekusamehe, hilo nitalisema mwenyewe likiwa tayari. Najua ulifanya kwa mapenzi, ndiyo maana limeniuma hivi.

Nisalimie mumeo, na mabinti pacha uwabane mashavu kwa niaba yangu. Mama yako anauliza kama bado unalala na soksi. Mungu akulinde, na akupe vidole vizito kila unaposhika hiyo simu.

Ni mimi nikupendaye hata leo nikiwa nimefura,
Shangazi yako

Tena: asubuhi hii nimeandika barua ya tano ya taa. Sahihi yangu nimeshaiweka. Chini yake nimeacha nafasi ya Msasa, na siipeleki mpaka ijazwe.