Dawa ya Jicho Langu Haikuwa Yako

Akinyi, mjukuu wangu,

Huna akili. Nasikia uko huko mtaa wa Kongo, Kawangware, unakata majani ya ng'ombe wa landlord na dawa ya hospitali umeacha, eti jicho haliumi tena. Nani alikuambia jicho likinyamaza limepona?

Ulipokuwa mdogo hapa mtaa wa Raila, vumbi likikuingia ulinikimbilia umefumba jicho moja, kilio chote kikitokea lile lingine. Nilikushika kichwa, nikatoa kile kitaka kwa ncha ya ulimi. Ulianza kucheka kabla sijamaliza. Ukawaringia watoto wa ploti kwa sababu ya nyanya yako, "Dani yangu ni daktari." Na mimi niliyeachia shule darasa la tatu nikaamini.

Ndiyo maana jani la nepia, hayo majani ya ng'ombe, lilipokukwaruza jicho, ulikuja tena kwangu. Nikakutilia dawa yangu, ile iliyobaki nilipotolewa mtoto wa jicho. Siku mbili, wekundu ukaisha. Nikatembea hapa nje kifua mbele. Wiki ya pili likatokea doa jeupe katikati ya jicho, ukawa huwezi kutazama mlango ukiwa wazi.

Hospitali wakakupima sukari, wakapima damu, kila kitu sawa. Daktari akasema ni kuvu, kama ile inayoota kwenye mkate, imeingia na jani. Kwa msichana mwenye afya hivi, yeye huiona mara chache. Akauliza, "Nani alikupa dawa ya kwanza? Hiyo ndiyo imeilisha kuvu." Ukamwambia ulinunua dukani. Mimi nimeketi kando yako, chupa iko ndani ya mkoba wangu. Nikaubana mkoba kwapani.

Ulidanganya ili nisiaibike. Nimekulea mimi, na bado sijui huo moyo uliutoa wapi.

Mimi si mtu wa kuomba msamaha, unanijua. Haya, nisamehe. Lakini daktari alisema ukiacha dawa, lile doa litatoboa jicho. Hayo ni macho ya marehemu babako, Akinyi. Cha mwanangu sina kingine kilichobaki.

Kwa hivyo tia dawa kila saa kama ulivyoambiwa. Majani akate mwenye ng'ombe. Kesho asubuhi uwe hapa, twende kliniki pamoja, na tukiingia kwa daktari wewe ufunge mdomo. Nitasema mimi.

Lala salama, mama.

Ni mimi Dani yako,
aliyemzaa babako