Breki ya Gramafoni ya Babu

Jumatatu, 3 Machi

Imesimama yenyewe. Hakuna mtu aliyeigusa. Wimbo umeisha, breki imeshika, gramafoni ya baba mkwe imetulia. Nilikuwa natwanga majani ya muhogo ya sombe, nikaacha mchi kinuni nikakimbia kuona. Ni Solange, binti yangu, aliyeifufua hiyo breki. Ilikuwa humo tangu enzi za babu yake, imekula kutu, sisi tukidhani ni kijichuma cha urembo. Unaitega pale wimbo unapoishia. Shingo ya sindano ikifika hapo inaigusa, breki inafunga. Kichwa hicho amekitoa kwangu. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa mpole tu.

Jumanne, 4 Machi

Nimewaambia watu wa soko zima la Kamwokya. Hata wauza kavera, mifuko ya plastiki, sasa wanajua.

Si mchezo. Santuri ya babu ni moja tu, wimbo wa kwaya aliouimba Bukavu akiwa kijana. Kila mwaka siku ya kumkumbuka tunaipiga. Na katika ukoo huu mkono wa mtu haumkatishi mzee, hata mzee aliye ndani ya santuri. Kwa hiyo wimbo ukiisha tunakaa, vichwa chini, sindano inateleza huku na huku inakwaruza mpaka springi ichoke. Karatasi ya katikati imeshaliwa, jina lake halisomeki. Sasa mkwaruzo umeanza kuukaribia ubeti wa mwisho. Miaka michache tu, mzee atakuwa bubu. Heshima gani hiyo?

Nimemwita shemeji Dieudonné kutoka Kibuli, mdogo wa marehemu mume wangu. Aje kesho ashangae.

Jumatano, 5 Machi

Aibu. Breki imemkata babu katikati ya ubeti wa mwisho. Shemeji alisimama, akavaa kofia.

"Mama Solange, mmemziba baba yangu mdomo."

Jumapili anakuja kuichukua gramafoni. Ikae kwake, isiguswe na mtu. Solange hakula.

Alhamisi, 6 Machi

Haichukui. Nimeshasema. Mume wangu alimwachia Solange, kwa kinywa chake, Dieudonné akisikia.

Kosa tumelijua. Mtoto aliitega kwa santuri ya rumba, maana hakutaka kuichosha ya babu kwa majaribio. Kumbe kila santuri inaishia mahali pake, na ya babu inakwenda ndani zaidi. Kosa la huruma.

Shemeji ametuma ujumbe. Eti hata ikitegwa sawa, aliyeitega ni mtu, kwa hiyo ni mkono uleule unaomkatisha mzee. Nikamjibu: na springi nani anaikaza? Sindano nani anaiweka? Mkono unaomkaribisha mzee aimbe unaweza pia kumwandalia pa kupumzika. Mimi niliishia darasa la sita, lakini hapo nimemshika.

Ijumaa, 7 Machi

Jirani ananishauri nimpe tu, shemeji ni mwanaume. Nimemwambia aanze kumpa vya kwake.

Jumamosi, 8 Machi

Solange amepata njia. Ameweka santuri ya babu bila kuizungusha. Ameshika shingo ya sindano, ameishusha polepole kwenye mstari wa mwisho kabisa, anamulika kwa simu. Kisha akasogeza breki mpaka ikagusana nayo. Basi. Nikamwambia tujaribu. Amekataa.

"Mama, babu ataimba mara moja tu. Baba mdogo akiwepo."

Mkaidi huyo. Wangu kabisa.

Naogopa. Ikimkata tena, sina la kusema mbele ya ukoo.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji alikuja na boda, na kamba ya kufungia. Nikampa chai. Nikamwambia: ukitaka kubeba, beba, ila msikilize baba yako kwanza, na sindano weka wewe mwenyewe.

Akaweka. Babu akaimba mpaka neno la mwisho. Kikasikika kishindo kidogo cha chuma. Halafu kimya. Tangu niolewe humu nimeujua wimbo ule na mkwaruzo nyuma yake. Leo haukuwepo.

Shemeji alikaa, mikono magotini. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nikamwongezea chai.

Kisha akamuuliza Solange, kwa sauti ya chini: "Mwanangu, ulijuaje anapomalizia?" Solange akamwonyesha ule mstari. Akainama kuutazama, pua yake karibu iguse santuri.

Shemeji akamwambia dereva wa boda aliyekuwa akimsubiri aende zake. Akatoa simu, akawapigia ndugu wa Kalerwe, kisha dada yake, kisha na wale nisiowapenda. Kila mmoja alimwambia vilevile, kwamba kumbukumbu ya baba itafanyika hapa, kwa Solange, Jumamosi ijayo, tarehe kumi na tano.