Sifuri Niliyompa Riziki

Alhamisi. Mvua tangu saa mbili asubuhi, ile mvua ya Uvira inayoshuka kutoka milimani bila haraka, na ziwa halionekani kabisa. Nimechoka na sina kazi yoyote niliyofanya. Nina aibu. Naliandika neno hilo mapema ili nisianze kuzungukazunguka, maana ninajijua.

Wanaonisoma hapa kwenye ukurasa wangu wa mtandao wanajua kazi yangu: mimi ni asistanti, nafundisha mazoezi ya logiki kwa mwaka wa kwanza wa hesabu, kwenye chuo kimoja cha hapa mjini. Ile logiki ya herufi na alama, ambapo unathibitisha jambo mstari kwa mstari, na pembeni ya kila mstari unaandika umeutoa wapi. Huu ni mwaka wangu wa sita. Nimejisifu humu mara nyingi juu ya kozi hii. Kuna mahali niliandika kwamba aliyepita mikononi mwangu hawezi kudanganywa na mwanasiasa yeyote. Mungu wangu.

Asubuhi mvua ilinifungia ofisini. Sikuwa na darasa, nikaamua kupanga kabati la kopi za mitihani ya zamani, zile karatasi za majibu ya wanafunzi, maana limejaa mpaka mlango haufungi. Nikakuta furushi la miaka mitatu iliyopita. Kopi ya juu ilikuwa ya Riziki.

Riziki ni binti wa Bijombo, kule juu kabisa milimani, na hapa mjini anakaa Kilibula kwa mama yake mkubwa. Mwaka huu amemaliza masomo, akaomba nafasi ya uasistanti katika seksio yetu ya hesabu. Kikao cha kuamua ni kesho saa tatu. Waliobaki ni wawili, yeye na kijana mmoja wa mjini. Maoni yangu yako ndani ya dosie yake, faili la maombi, kwa sababu atakayechaguliwa atafanya kazi chini yangu. Niliyaandika mwezi uliopita, kwa ufupi, nikijiona nimesema kitu cha maana: "Anakariri vizuri. Hafikiri mwenyewe."

Kwenye ile kopi, zoezi la saba, nilikuwa nimeandika sifuri kwa bic nyekundu. Chini yake nikaongeza: "Soma kozi."

Nieleze jambo lenyewe, halichukui muda. Katika kozi yangu, ukitaka kuthibitisha kwamba kitu fulani kikiwa kweli basi kingine ni kweli, unaanza kwa neno "tuseme". Tuseme P ni kweli. Unachora kisanduku, unaingia ndani, unafanya kazi yako humo mpaka upate unachotafuta, halafu unafunga. Na sheria iko moja ambayo naipigia kelele kila mwaka mpaka koo linauma: kisanduku kikishafungwa, ulichokipata humo ndani usikitumie tena kwingine. Kilikuwa kweli kwa sababu ya "tuseme" tu.

Zoezi la saba nililitunga mwenyewe. Unapewa sentensi moja yenye masharti mawili: P ikiwa kweli, R ni kweli, au, Q ikiwa kweli, R ni kweli. Angalau sharti moja linashika, hatujui lipi. Uthibitishe kwamba ikiwa P au Q ni kweli, basi R ni kweli. Ukiliangalia kwa haraka linaonekana sawa kabisa. Nilikuwa na uthibitisho wake wa mistari kumi na miwili, umenyooka, niliupenda. Wanafunzi wanaushika kwa kichwa, wakubwa wanawaachia wadogo. Na mimi siku ya kusahihisha sisomi. Naweka kozi yangu upande wa kushoto, kopi upande wa kulia, napiga alama mstari kwa mstari. Hivyo njo tunavyofanya wengi wetu, na hivyo njo nilivyofundishwa.

Riziki hakuandika mistari kumi na miwili. Aliandika minne, bila kisanduku hata kimoja. Ilikuwa kwa Kifaransa cha mtihani, mimi naiweka kwa lugha yetu:

"Tuseme P ni mto umejaa, Q ni mvua inanyesha, R ni njia imefungwa. Siku nilipoteremka kuja masomoni, mvua ilinyesha, mto haukujaa, na nilipita. Sharti la mto halikuvunjwa, maana mto haukujaa. Basi tulichopewa ni kweli, Q ni kweli, R si kweli, na jambo hili haliwezi kuthibitishwa."

Wakati ule nilicheka. Siku ya kurudisha kopi niliisoma kwa sauti mbele ya oditwari nzima, ukumbi umejaa. Nikasema sisi tumeuliza logiki, huyu ametuletea habari za barabara ya Bijombo. Nilitamka "Bijombo" kwa ile sauti ya kuwadharau watu wa milimani. Kila mtu wa hapa chini anaijua ile sauti, na sitajifanya kwamba ilinitoka kwa bahati mbaya. Watu walicheka sana. Yeye aliangalia daftari lake. Kopi nikabaki nayo, nikasema nitawaonyesha wa mwaka unaofuata.

Leo niliisoma tena kwa sababu ya mvua, si kwa sababu ya wema wowote. Nilitaka kumtafutia kosa lake ili nilicheke vizuri. Niliona ni kazi ya dakika tano. Nikapima mstari wa kwanza, wa pili, nikachora jedwali, nikabadilisha herufi. Saa nzima. Kosa halikuonekana.

Basi nikageukia uthibitisho wangu. Mstari wa tano, nikiwa ndani ya kisanduku cha P, nimepata R. Mstari wa sita nimefunga. Mstari wa saba nimefungua kisanduku cha Q. Mstari wa nane nimeandika R tena, na pembeni, kwa mwandiko wangu mzuri: kutoka mstari wa tano.

Kutoka mstari wa tano!

Kile kisanduku kilikuwa kimeshafungwa. Ile ile sheria ninayowapigia watoto wa watu kelele, nimeivunja mwenyewe miaka sita mfululizo, wakanakili kosa langu, na minye nikaweka alama ya sawa kwenye kila kopi. Mtu mmoja tu aliona, na huyo nilimpa sifuri.

Nikiri na hili. Wazo langu la kwanza lilikuwa kuichana ile kopi. Niliikunja mara mbili nikaangalia mlango. Kama si mlinzi kupita na mwamvuli wake akanisalimia, sijui. Sijui kabisa ningefanya nini.

Halafu nikakumbuka mtihani wake wa kurudia, nikakaa chini. Mara ile ya pili Riziki aliniandikia mistari yangu kumi na miwili, hakuna alama iliyokosekana. Nilimpa ishirini juu ya ishirini. Wenzake walipokuja kuangalia pointi zao nilimsimamisha mbele yao, nikasema mnaona, akikaa akisoma anaweza. Na maoni yangu ya mwezi uliopita yalitoka hapo. Nilimlazimisha akariri, kisha nikamwandikia kwamba anakariri.

Mvua ilipopungua nilikwenda kwa shefu wa seksio, mkuu wetu. Njiani nilipanga kusema yote. Nilipofika nilisema nusu: kwamba zamani nilimwonea yule binti kwenye pointi, naomba kubadilisha maoni yangu. Shefu ni mtu mwema, hapendi matatizo. Aliniambia nibadilishe tu, nisilete mahistoria, maana dosie yangu mwenyewe ya kupanda cheo iko kwenye meza ileile ya kesho. Akanipa karatasi. Nikaandika: "Ana uwezo mzuri wa kufikiri." Sababu sikuandika. Na nilitoka pale nimefarijika, nasema kweli, nilitoka nikipiga mluzi.

Nikaona niende Kilibula nimwambie mwenyewe. Nilijiambia kwamba ni adabu. Adabu gani? Nilitaka aniambie aksanti.

Nilimkuta uani anachambua maharagi pamoja na mama yake mkubwa. Mama alinipa kiti, akasema hawezi kuacha mwalimu aondoke bila chai, akaingia ndani. Nikatoa ile kopi mfukoni. Nikamweleza Riziki kwamba alikuwa amepata, kwamba aliyekosa ni mimi, na kwamba maoni yangu nimekwisha kuyabadilisha. Alifuta mikono kwenye kitenge, akaisoma pole pole kuanzia juu, mpaka maneno yangu ya bic nyekundu. Kisha akasema aksanti, kwa heshima, macho chini. Nilingoja kitu kingine. Hakikuja.

Nikamuuliza mbona wakati ule hakuja kudai haki yake. Hata sasa nikiliandika swali hilo masikio yananiwaka.

"Nilikuya, Asistanti," alisema. "Mara mbili, ku biro yako. Ya kwanza ulisema niende nisome kozi. Ya pili haukufungula mulango, lakini redio yako ilikuwa inaimba."

Sikumbuki. Nimejaribu njia nzima ya kurudi nyumbani, kutoka Kilibula mpaka hapa, na siuoni uso wake mlangoni hata kidogo. Kwake ni siku mbili anazozijua mpaka redio. Kwangu hazikuwapo.

Mengine alinieleza huku akiendelea na maharagi, bila hasira, na hilo lilinimaliza zaidi. Kwamba siku ya mtihani wa kurudia alipofika mstari wa nane mkono ulisimama, akijua kabisa kwamba ni uongo, halafu akaandika, kwa sababu nyumbani Bijombo walikuwa wanangoja kusikia amepita. Kwamba siku niliyomsifu wenzake walimpigia makofi, naye akafika nyumbani kwa mama mkubwa akasema kichwa kinamuuma, akalala mchana. Kwamba tangu siku ile, kwenye kozi zote, alikuwa anatafuta kwanza mwalimu anataka nini, na jibu lake mwenyewe analiandika nyuma ya daftari.

Akaniuliza kama shefu anajua sababu ya mimi kubadilisha maoni. Nikasema bado. Sisi tukisema bado kwa namna ile, kila mtu anaelewa ni hapana.

Kisha akasema:

"Kama wananipatia kazi, ni minye nitafundisha ile mazoezi. Ya saba iko mule. Nifundishe gani, Asistanti? Yako ao yangu?"

Hakuwa ananichoma. Natamani angekuwa ananichoma, ningejua namna ya kujibu. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayeuliza darasa linaanza saa ngapi. Alitaka kujua mapema, kwa sababu mkubwa wake nitakuwa mimi, na hajasahau mkubwa wake anapenda nini. Na nilikuwa nimekaa pale kwenye kiti cha mgeni, jibu ninalijua, ni neno moja.

Nilisema tutaona.

Tutaona! Mtu mzima, mwalimu wa logiki, mbele ya mtoto niliyefanya watu wamcheke, nimesema tutaona. Mama mkubwa alirudi na chai, nikainywa ikiwa inachemka ili niondoke haraka, ulimi umeungua mpaka sasa. Riziki alinisindikiza hadi kwenye njia, kama heshima inavyotaka. Kopi yake nilimwachia.

Sasa ni saa kumi na mbili jioni. Mvua imesimama. Mke wangu ameniuliza nina nini, nikamjibu ni baridi. Uongo mwingine, lakini huu nitaurekebisha tukikaa kula.

Ninajijua. Kesho saa tatu nikikaa kwenye kile kikao, shefu akinitupia jicho, nitapata sababu ya kunyamaza, na itakuwa sababu nzuri, yenye hatua zake zote. Nitasema cheo kwanza, ukweli mwezi ujao. Kwa hiyo naweka haya hapa leo. Wanafunzi wangu wanasoma ukurasa huu, shefu anausoma, mpaka asubuhi watakuwa wameshapokezana kwenye simu. Nitaingia kila mtu akiwa amekwisha kujua. Nitaomba chaki, niandike mistari minne ya Riziki, na juu yake jina lake kamili na mahali alikotoka, nikiyasoma kwa sauti ya kawaida. Kikienda cheo, kiende.

Riziki, swali lako nilikuwa na jibu lake nikiwa bado kwenye kiti. Yako. Fundisha yako.

Na wewe uliyepata ishirini kwangu kwa zoezi la saba: hukupata, na aliyekukosesha ni mimi. Najua baadhi yenu ni walimu sasa, wengine hapa mjini, wengine Kiringye na vijiji vya bondeni, na najua mnafundisha kutoka kwenye madaftari yangu. Kama umewaandikia watoto mistari ile kumi na miwili, kesho futa ubao uwaonyeshe mstari wa nane. Wakiuliza ni nani aliyewafundisha vibaya, usiseme ni kitabu, usiseme ulinakili haraka. Taja jina langu.